Kununua na Kununulia: Maneno ya Milki katika Mashauri ya Ardhi Iliyonunuliwa kwa Pamoja

Katika mashauri ya ardhi, aghalabu watu hubishana juu ya mipaka, au juu ya mwuzaji, kama alikuwa na haki ya kuuza. Lakini liko shauri la namna nyingine, ambalo ndani yake mipaka haina ubishi, mwuzaji hana ubishi, na karatasi ya mauzo haina ubishi. Shamba linajulikana, bei ililipwa, jina limeandikwa. Linalobishaniwa ni jambo moja tu: je, mwenye jina ndiye mwenye shamba? Shauri hili huzuka pale watu wawili au zaidi walipochanga fedha wakanunua mali, kisha mali hiyo ikaandikwa kwa jina la mmoja wao. Wanasheria huliona kuwa ni swali la sheria, nao hawakosei. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni swali la lugha pia, na kwamba sehemu ya ushahidi yaweza kupotea katika sarufi kabla hakimu hajaanza kuupima.

Na ichukuliwe mfano wa kubuni kutoka Kibingo. Mahali hapa pako katika nchi ya Karagwe ya zamani, mkoa wa Kagera, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa kuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wanyambo, wakulima wa migomba na kahawa, na shamba la migomba lenye makao ya watu ndani yake huitwa kibanja. Ndugu wawili wanataka kununua kibanja cha jirani. Mdogo anafanya kazi Mwanza, naye anatuma fedha. Kaka yuko nyumbani. Anauza kahawa yake, anaongeza zilizopungua, anawaita mashahidi na kulipa. Karatasi ya mauzo inaandikwa jina la kaka peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwapo. Baada ya miaka kumi kaka anafariki. Watoto wake wanasema, “Baba alinunua kibanja hiki.” Mdogo wa marehemu anasema, “Kaka alitununulia.” Msikilizaji wa haraka atadhani kwamba mmoja wao anasema uongo. Kwa kadiri ya sarufi, wote wawili wasema kweli.

Kauli ya kutendea

Kitenzi nunua, kikiwa peke yake, kina mtenda na mtendwa tu: aliyenunua na kilichonunuliwa. Hakisemi neno lolote juu ya mtu ambaye kitu kimenunuliwa kwa ajili yake. Ili kumtaja huyo, Kiswahili hutumia kauli ya kutendea, ambayo Ashton aliieleza kwa upana katika sarufi yake ya mwaka 1944. Nunua huwa nunulia, na mtu wa tatu huingia katika sentensi: mtendewa.

Mtendewa wa kununulia aweza kuwa wa namna mbili. Ya kwanza ni ya zawadi, kama katika sentensi “Baba alimnunulia mwanawe baiskeli.” Fedha ni za baba, baiskeli ni ya mwana. Ya pili ni ya kutumwa, kama mtu akimwambia mwenziwe, “Ukienda dukani ninunulie sukari.” Fedha ni za aliyetuma, sukari ni yake pia, na aliyetumwa ametoa miguu yake tu. Katika hali zote mbili kauli ya kutendea imemtaja mtu yule yule, yaani mwenye kufaidi kitu kilichonunuliwa. Ambalo haikulitaja ni mfuko uliotoa fedha. Basi kiambishi hicho kifupi hueleza kwa uwazi jambo ambalo wanasheria hulitafuta kwa taabu, na hunyamaza juu ya jambo ambalo wao huanza nalo.

Ziko sura mbili zaidi za kitenzi hiki ambazo yafaa kuziangalia kwa makini. Ya kwanza ni alijinunulia, ambapo mtenda na mtendewa ni mtu mmoja. Ya pili ni alitununulia, ambapo mkono ulionunua ni mmoja na wafaidi ni wengi. Neno hili la pili peke yake hubeba sehemu kubwa ya maana ya mali iliyoshikwa na mmoja kwa manufaa ya wote. Hata hivyo lina fumbo moja. Kiambishi -tu- hakisemi kama mnunuzi mwenyewe yumo miongoni mwa wale walionunuliwa. Kaka aweza kuwanunulia wadogo zake pasipo yeye kuwa na fungu, na aweza kununua kwa ajili yao na yake. Shahidi akisema “alitununulia,” hapana budi aulizwe, “Naye yumo?”

Sasa msomaji na arudi kwa watoto wa marehemu. Wao walisema, “Baba alinunua.” Hawakusema, “Baba alijinunulia.” Kati ya maneno haya mawili pana tofauti kubwa, kwa sababu la kwanza halimkatai mtu yeyote. Baba alinunua kweli: alikwenda, alipatana bei, alihesabu noti mbele ya mashahidi. Kama alijinunulia au aliwanunulia wengine, kitenzi hakikusema. Kosa la kawaida katika kusikiliza ushahidi ni kuchukua “alinunua” kana kwamba shahidi amesema “alijinunulia,” na hapo ndipo mdogo wa marehemu hupoteza fungu lake bila mtu yeyote kusema uongo.

Kauli ya kutendwa

Tatizo huzidi maneno ya shahidi yanapoingia katika maandishi. Mwandishi wa shauri hupenda kuanza na kitu kinachogombewa, basi huandika: “Shamba lenye mgogoro lilinunuliwa na marehemu.” Sentensi hiyo ni sahihi, lakini imefunga mlango. Katika vitenzi vingi kauli ya kutendwa hutenganisha maana mbili: barua huandikwa, mtu huandikiwa. Katika nunua haitenganishi. Kitenzi hiki kilikuwa na sauti ya l ambayo imepotea katika umbo lake la kawaida na hurudi kinaponyambuliwa. Kwa hiyo nunua hutoa nunuliwa, na nunulia pia hutoa nunuliwa. Shamba lilinunuliwa, mtu alinunuliwa shamba. Umbo ni moja.

Kinachobaki kutofautisha ni kiima. Kiima kikiwa mtu, mtendewa ametajwa. Kiima kikiwa shamba, mtendewa ametoka katika sentensi, wala hawezi kurudi ila kwa kuongezewa maneno kama “kwa ajili ya.” Mwandishi asipoyaongeza, mfaidi hana tena mahali pa kukaa.

Kwa Wanyambo jambo hili lina uzito wa pekee. Katika lugha yao, ambayo wenyewe huiita Orunyambo, kununua ni okugura na kununulia ni okugurira. Kauli za kutendwa ni okugurwa na okugurirwa, maumbo mawili yasiyochanganyika. Josephat Rugemalira, aliyechunguza unyambuaji wa vitenzi vya Runyambo katika tasnifu yake ya mwaka 1993, ameonyesha pia jinsi lugha hiyo inavyoweza kubeba mtendwa na mtendewa pamoja, kila mmoja akiwa na haki za kisarufi zinazokaribiana na za mwenziwe. Katika lugha ya namna hii kitu chenyewe kinaweza kuwa kiima cha kauli ya kutendewa, na mtendewa asianguke. Mzee wa Kibingo anayetoa habari zake kwa lugha ya nyumbani aweza basi kuanza na kibanja na bado amtaje aliyenunuliwa, yote katika kitenzi kimoja. Habari hizo zikigeuzwa Kiswahili neno kwa neno, zitatoka na kibanja na mnunuzi, na mfaidi atakuwa amebaki njiani.

Sheria inadhani nini

Pengine itasemwa kwamba sheria haiendi kwa vitenzi, bali kwa vitendo na nyaraka. Ni kweli, lakini nyaraka zikinyamaza sheria nayo hulazimika kudhani, na dhana zake zinafanana mno na maana mbili za kununulia zilizotajwa juu. Kanuni ya Uingereza, inayohusishwa na shauri la Dyer dhidi ya Dyer la mwaka 1788, ni kwamba mali iliyolipiwa na mmoja na kuandikwa kwa jina la mwingine hudhaniwa kuwa ni ya aliyelipa, na mwenye jina ameishika tu kwa niaba yake. Lakini katika shauri hilo hilo aliyelipa alikuwa baba, na miongoni mwa majina yaliyoandikwa lilikuwamo la mwanawe. Mahakama ikaona kwamba baba alikusudia kumpa mwana. Dhana ya kwanza ni kununulia kwa kutumwa. Ya pili ni kununulia kwa zawadi. Kanuni za haki za Uingereza ziliingizwa Tanganyika kwa Amri ya mwaka 1920, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka huo, na sheria za Tanzania bado zazitambua pale ambapo hapana kanuni nyingine inayohusika.

Kwa mume na mke Tanzania imejiwekea dhana zake. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa ni yake peke yake, na iliyopatikana kwa majina ya wote wawili hudhaniwa kuwa manufaa yao ndani yake ni sawa. Dhana zote mbili zaweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu cha 114 chaitaka mahakama, inapogawa mali baada ya talaka, kuangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, ijapokuwa mwanamke huyo mwenyewe hakupata mgawo. Kisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 161, ikampa mwenzi asiye na jina katika hati fungu ndani ya ardhi ikiwa ameitunza na kuiendeleza kwa jasho lake.

Lakini ndugu wawili wa Kibingo si mume na mke. Hawana dhana iliyotungwa kwa ajili yao. Wana karatasi yenye jina moja, na wana maneno ya mashahidi. Baraza la kata, ambalo tangu mwaka 2021 limebakiwa na kazi ya kusuluhisha tu, halina kingine cha kushika. Na wakishindwa kupatana, baraza la ardhi na nyumba la wilaya litauliza yale yale. Ndiyo maana kitenzi kina thamani ya ekari.

Milki na ulaji

Isidhaniwe kwamba kutenganisha mwenye jina na mwenye faida ni fikira iliyoletwa na wageni. Katika Buhaya na Karagwe ulikuwapo utaratibu wa nyarubanja, ambao kwao mtwazi alihesabiwa kuwa bwana wa ardhi na mtwarwa aliilima, akakaa juu yake na kumtolea mtwazi ada. Utaratibu huo ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1965. Vivyo hivyo kanuni za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini zikamkataza kuiuza. Alikuwa na ulaji bila kuwa na milki. Katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililotoka katika mkoa huu huu wa Kagera na kuamuliwa na Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990, katazo hilo lilionekana kupingana na haki ya usawa iliyo katika Katiba, na mwanamke akapewa uwezo wa kuuza sawasawa na mwanamume.

Kiswahili nacho kina njia zake za kutenganisha. “Shamba la kaka” ni jambo moja. “Shamba limeandikwa kwa jina la kaka” ni jambo jingine. Katika sentensi ya pili neno kwa hulifanya jina kuwa chombo, kama vile mtu hukata kwa kisu. Msemaji ameeleza namna shamba lilivyoandikwa, hakueleza ni la nani. Kwa sababu hiyo watu husema bila kujipinga, “Limeandikwa kwa jina lake, lakini ni letu.” Hakuna Mswahili anayeisikia sentensi hiyo akaona ina kasoro. Lugha, basi, haikosi maana hiyo. Inayo katika vitenzi na viunganishi, wala si katika majina.

Amana na dhamana

Upungufu huonekana wafasiri wanapotafuta jina la kulingana na jina. Hapo Tanzania imegawanyika pande mbili. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Tanzania Bara kuna Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na vyama na makanisa yana mabodi ya wadhamini. Jambo ni moja, yaani kushika mali kwa manufaa ya mwingine, lakini upande mmoja umeliita amana na upande wa pili umeliita udhamini.

Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na katika fikihi ya Kiislamu hayako pamoja, yanakabiliana. Mwenye mkono wa amana ameshika kitu cha mwenziwe kwa uaminifu, na kikipotea bila uzembe wake hadaiwi. Mwenye mkono wa dhamana hulipa kikipotea, awe amezembea au la. Maana hii ya pili ndiyo iliyo hai katika matumizi ya kila siku, kwani mdhamini ni yule anayemwekea mshtakiwa dhamana, au anayesimama nyuma ya mkopo wa mwenziwe, tayari kulipa. Siku hizi hata kampuni inayotoa fedha kwa timu ya mpira huitwa mdhamini. Kwa hiyo mtu wa Kibingo akiambiwa na wakili kwamba marehemu kaka yake alikuwa “mdhamini” wa kibanja, ataelewa kwamba kaka aliweka kibanja rehani, au alimdhamini mtu fulani, na atakataa kwa nguvu jambo ambalo lingemsaidia.

Neno amana halina hatari hiyo. Limetoka katika shina lililoleta amini, imani na uaminifu, na kila mtu anajua kwamba aliyepewa amana hawezi kuigeuza kuwa yake. Hata hivyo udhamini umekwisha kuota mizizi katika sheria. Sheria ya Ardhi yenyewe imeiweka ardhi yote ya nchi mikononi mwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya raia wote, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo wa 1999 yaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kana kwamba ni mdhamini na wanakijiji ndio wafaidi. Kung’oa neno lenye cheo kama hicho si kazi nyepesi. Kwa mfaidi, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni ameeneza jina mmiliki manufaa, linalotumika katika mambo ya makampuni. Jina hilo limeundwa vizuri, ila bado halijatoka ofisini kwenda shambani.

Yapasayo kufanywa

Haja ya kulitazama jambo hili imezidi tangu mwaka 2021, Bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kabla ya hapo mahakama za mwanzo zilisikiliza na kuandika kwa Kiswahili, na mahakama za juu ziliandika kwa Kiingereza. Sasa maneno ya shahidi yaweza kusafiri kutoka baraza la kata mpaka Mahakama ya Rufani bila kubadili lugha. Hiyo ni faida kubwa, ikiwa yatasafiri yakiwa mazima.

Kwanza, mwandishi wa shauri na alihifadhi umbo la kitenzi lililotoka kinywani mwa shahidi. Aliyesema “alitununulia” asiandikiwe “alinunua,” na aliyesema “alinunua” asichukuliwe kuwa amesema “alijinunulia.” Sentensi zianzazo na “shamba lilinunuliwa” zisiachwe bila kuongezewa “kwa ajili ya nani.” Pili, kila shahidi na aulizwe maswali manne yaliyo mbalimbali: nani alitoa fedha, nani alikwenda kununua, jina la nani liliandikwa, na nani alikusudiwa kufaidi. Kauli ya kutendea hujibu swali la nne peke yake. Mengine matatu yanataka maneno yao. Tatu, watungao istilahi na watumie amana kwa uhusiano wenyewe, na mwenye amana kwa yule ambaye mali ni yake, hata kama udhamini utabaki katika majina ya vyombo vilivyokwisha kuundwa. Nne, pale shahidi anaposema Kinyambo, au lugha nyingine yenye maumbo mawili ya kutendwa, mkalimani na aelezwe mapema kwamba okugurwa na okugurirwa hayafasiriwi kwa neno moja.

Shauri la ndugu wawili halitakwisha kwa sarufi. Baraza litataka kujua ni fedha kiasi gani zilitumwa kutoka Mwanza, nani aliushuhudia ununuzi, na nani amekuwa akivuna kahawa kwa miaka kumi. Lakini maswali hayo yataulizwa tu ikiwa imeonekana kwamba kuna la kuuliza. Watoto waliposema “Baba alinunua,” hawakulifunga jambo. Mdogo wa marehemu aliposema “Kaka alitununulia,” alikuwa ametaja, kwa neno moja, mkono ulionunua na watu walionunuliwa. Yafaa neno hilo liandikwe kama lilivyosemwa.